Mtoto Aliyetembea Mdomoni Mwangu

Nilituma salamu za uongo Mbekenyera, kwa mama mkwe wangu, kwamba mjukuu wake ameshaanza kutembea. Mjukuu mwenyewe wakati huo alikuwa mapajani mwangu ananyonya kipande cha kitambaa, na ukimsimamisha anakunja miguu kama kuku aliyefungwa kwenda kuuzwa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa sijanywa kitu. Niliulizwa tu mbele za watu, mdomo ukajibu kabla sijauruhusu.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni, Nachingwea mjini, kama mjini kwenyewe ni kule kwetu ambako mbuzi walijua ratiba ya basi kuliko abiria. Mimi ni fundi cherehani, na mashine nimeiweka barazani kwangu kwa sababu moja: sipendi kutoka. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walikwenda Mtwara, wengine Dar es Salaam. Mimi nilifika barazani nikaona panatosha. Mtembezi wa nyumba ni mke wangu. Aliuza vitenge kwenye magulio, leo Chiola, kesho Ruangwa, na mtoto alipozoea uji akaniachia yeye pamoja na chupa ya uji.

"Wewe si uko nyumbani tu?" aliniambia, kama vile suruali za watu zinajishona.

Basi nikawa nashona na mtoto mapajani. Akilala, namfunga mgongoni kwa khanga ya mama yake, wateja wanacheka mpaka wanasahau walichokuja kupima. Alikuwa mwepesi wa mambo mengine yote. Alicheka mapema, meno yalitoka ya chini kwanza, tukashukuru, maana ya juu yakitangulia wazee wana maneno yao. Kabla hajasema baba wala mama alijua kuigiza sauti ya cherehani, na sindano ikikatika sauti ikakoma, ananitazama kunilaumu. Kutembea tu ndiko alikokataa. Hata kutambaa hakutambaa. Alisota kwa makalio, mguu mmoja mbele kama kasia, akachakaza kila kaptula niliyomshonea.

Sasa, mke wangu ni Mmwera, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba unaheshimiwa, unapewa kuku, lakini bibi akisema neno, wewe ni mgeni uliyekaribishwa kiti. Na bibi huyu neno alishalisema siku mtoto anatolewa nje: "Akimaliza mwaka bado yuko chini, hajatembea, mniletee. Nitamwachisha ziwa, nitamfukia miguu, atakaa kwangu." Nilikuwa nimewaona watoto wa mtaa wetu waliokwenda kwa bibi kwa wiki mbili. Walirudi wakati wa kuandikishwa shule, wanamwamkia baba yao "shikamoo mjomba".

Kwa hiyo mama mmoja wa Mbekenyera, jirani wa mkwe, alipokuja gulioni akapitia kwangu kushonewa gauni, akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mtoto wetu vipi, anasimama?", mimi nikajibu, "Kusimama? Huyu anakimbiza kuku!"

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Juzi nimemkamatia pale kwa muuza vitumbua."

Vitumbua hata sijui nilivitoa wapi. Mama yule alifurahi, akaondoka na gauni na habari. Gulio lililofuata alipita akiwa na majibu: mkwe amefurahi sana, anakuja mwenyewe mtoto atakapotimiza mwaka, anakuja na ndugu zake, na ana kuku ambaye mtoto atamfuata kwa miguu yake ampokee.

Mke wangu aliposikia aliweka furushi la vitenge chini polepole. Nikajua ni vibaya. Akiwa na hasira ndogo hutupa.

"Nani amekutuma?"

"Aliniuliza."

"Ukiulizwa huwezi kusema bado?"

Nikainama kutunga uzi sindanoni.

Nikaona dawa ni kumtangulia mkwe. Kule kwetu mtoto akichelewa kutembea huchimbiwa shimo, akasimamishwa ndani, akafukiwa kwa mchanga mpaka kiunoni ili miguu ikaze. Nilikuwa nimeliona jambo hilo nikiwa mdogo, nikadhani kuona ni kujua. Nikachimba nyuma ya jiko, nikachekecha mchanga kwa chekecheke la unga, jambo lililoniletea kesi nyingine peke yake, nikamsimamisha mwanangu, nikafukia.

Hakulia. Ningependa alie, ningejua kuna kinachofanyika. Alikaa mle kama mwenyekiti wa kijiji, mikono juu ya mchanga, anatazama kuku wanavyomzunguka. Akala mchanga kidogo. Kisha akaegemeza kichwa ukingoni akalala usingizi wa wima.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kimakua ambaye uzio kwake ulikuwa mahali pa kuwekea viwiko, alichungulia.

"Fundi, unapanda nini hapo? Muhogo?"

"Naimarisha miguu."

"Ya nani? Maana huyo amelala. Mmwagilie basi, labda ataota."

Nikamfukia na kesho yake, na siku zilizofuata. Miguu haikukaza. Kilichokaza ni mazoea. Ikawa nikimtoa shimoni analia mpaka mteja anauliza kama nimempiga, nikimrudisha ananyamaza. Ikabidi nimchukue nimweke mapajani, nimwimbie, nishone mikono ya mashati nikiwa nimepinda shingo. Suruali moja ya mwalimu niliishona mguu mmoja mfupi, na mwalimu akaivaa kwa hasira ili nione.

Mke wangu, kwa kuwa aibu ilikuwa inakuja hata hivyo, aliamua ije na keki. Besdei zilikuwa zimeanza kuingia kutoka Dar es Salaam kwa njia ya watu waliokwenda kutembea na kurudi na picha. Watu wazima tuliokuwa hatujui tumezaliwa mwezi gani tukawa tunapuliza mapulizo mekundu mpaka masikio yanaziba. Jirani ndiye aliyeoka keki, kwa sufuria, makaa juu na makaa chini. Ilitoka imebonyea katikati. Akaifunika bonde lile kwa sukari, akasema hiyo ndiyo fasheni.

Mkwe akafika asubuhi na basi dogo kutoka Ruangwa, yeye na dada zake, na ufuta kwenye kibuyu, na jogoo. Kwa desturi yetu mimi na mkwe hatukai jamvi moja. Simtazami usoni, sili mbele yake, na likiwapo la kusema linapitia kwa mke wangu hata kama tumesimama hatua mbili. Nikasalimia kwa kuchuchumaa, nikajibanza nyuma ya cherehani. Niliomba Mungu mvua inyeshe, na ilikuwa kiangazi.

Wakaketi. Mtoto akaletwa amevaa suti niliyomshonea mwenyewe, nzuri kweli, kola na yote. Mkwe akamshika jogoo kwa mabawa, akamwelekezea mjukuu.

"Mwacheni aje."

Mke wangu akamsimamisha. Mtoto akasimama kwa muda wa mtu kupiga chafya, akamtazama jogoo, akanitazama mimi, akakaa. Kisha akaanza kusota, mguu mbele, suti yangu inafagia baraza, akampita jogoo, akampita bibi yake, akafika kwenye keki. Akaingiza mkono wote katika lile bonde la sukari.

Wale dada zake mkwe wakasema jambo kwa Kimwera wakacheka sana. Mkwe hakucheka. Akageuka akaniangalia mimi. Mimi mwenyewe, moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi.

"Baba, huku ndiko kukimbiza kuku?"

Nikasema mtoto amechoka. Nikasema ni viatu. Nikasema, Mungu anisamehe, kwamba jogoo ni mkubwa mno, yeye amezoea vifaranga. Kutoka kwenye uzio nikasikia sauti ya jirani, "Fundi, nyamaza tu," na kwa mara ya kwanza mwezi ule nikafuata ushauri wa mtu.

"Funga nguo zake," mkwe akamwambia mke wangu. "Nakwenda naye."

Mtoto alikuwa analamba vidole. Mimi nilitaka kusema hapana, na neno lenyewe lilikuwa fupi, lakini nilikuwa nimeyatumia maneno yangu yote kwenye vitumbua na vifaranga. Mke wangu ndiye aliyesema. Akamchukua mtoto, akampakata, akampa ziwa palepale mbele ya wote.

"Mama, huyu bado ananyonya. Sikupi."

Mkwe akafungua furushi lake mwenyewe, akatoa mkeka.

"Basi nakaa mimi."

Na akakaa kweli. Akatandika mkeka barazani, pale mlangoni, penye upepo, mahali ambapo mimi nilikuwa nimepanga kuzeekea. Yeye akiwa barazani mimi siwezi kuwa barazani. Akiwa uani mimi siwezi kwenda uani, na choo kiko uani. Chakula nilipewa kikiwa kimefunikwa, nikakila chumbani peke yangu kama mwali. Siku ya pili nikabeba cherehani, kichwa kwanza, kisha meza, nikahamia barazani kwa jirani, ng'ambo ya uzio. Mtu aliyekataa kwenda Mtwara akafukuzwa na mkwe akaenda hatua ishirini.

Kutoka pale nilikuwa nawaona. Mkwe hakuchimba shimo lolote. Lile langu alilifukia kwa mguu akiwa anapita. Alichambua choroko, akatwanga, akafagia, na mtoto yuko chini tu, analia wee mpaka ananyamaza mwenyewe. Mimi huku moyo unaniuma, sindano inanichoma. Nilishahesabu kwamba akishindwa hapa, atakwenda Mbekenyera, na mke wangu safari hiyo hatakuwa na la kujibu.

Alasiri moja mkwe alikuwa anachoma muhogo. Akakata kipande, akakishika mkononi, hata hakumwita mtu. Mtoto akashika ukuta, akainuka. Akauacha ukuta. Akaenda, tumbo mbele, mikono juu kama anayevuka maji, akafika, akauchukua muhogo wake, akakaa kula. Mkwe akaendelea kugeuza mihogo kana kwamba si lolote, lakini niliona amejifuta jicho kwa upindo wa khanga, na kule jikoni hapakuwa na moshi mwingi kiasi hicho.

Niliinuka na suruali ya mteja ikanasa kwenye sindano. Kupiga kelele siwezi, mkwe yupo. Kwenda siwezi, amekaa njiani. Nikabaki nimesimama kwenye baraza la watu, nimening'iniza suruali, nacheka peke yangu na machozi yananitoka.

"Amempa dawa gani?" nikamuuliza jirani. "Umekaa nao, umeona. Dawa gani?"

Jirani alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Hakuinua hata uso.

"Dawa gani, fundi? Amemweka chini. Wewe asubuhi mapajani, mchana mgongoni, jioni shimoni. Alikuwa atembelee wapi huyo mtoto, kichwani kwako?"