Sare Tatu za Kesi Moja

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kila nikiona kitenge kipya. Nacheka kwanza, aibu inafuata.

Bibi Sekela wa Ibighi alifiwa na mumewe, na kabla hata matanga hayajaanuliwa shemeji yake akaanza kukata ndizi shambani kwake, akidai shamba ni la ukoo. Kesi ikaenda baraza la kata. Tukaapa kumsindikiza, makundi matatu: sisi wachuma chai, akina mama wa kanisani, na mabinti wa mjini waliosoma sheria za ardhi. Mimi nilikuwa katibu wa wachuma chai, msichana mwenye mdomo usiopumzika.

Unadhani tulijadili ushahidi? Wiki mbili tulijadili sare. Sisi tulitaka kitenge cha kijani. Mama wa kanisani wakasema nyeupe au hawaji. Mabinti wakaleta fulana zenye maneno mgongoni, mama mmoja akauliza kama tunakwenda kucheza mpira.

Siku ikafika, kila kundi na lake. Tukagombania nani atangulie kuingia. Mlango ule ni wa mtu mmoja. Tuliingia viongozi watatu kwa pamoja, na mimi unene sikuuanza leo. Tukakwama pale, tukitupiana maneno. Mwenyekiti akaita mashahidi, akasikia matusi, akaahirisha kesi mwezi mzima. Wapiganapo tembo nyasi huumia; safari hii iliumia migomba, maana shemeji alivuna hadi mikungu michanga.

Bibi Sekela hakupaza sauti. Alitutazama, akasema, "Ndaga, asanteni wanangu, mmependeza. Mimi nina kesi na shemeji yangu. Ninyi mna kesi na nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kesho yake tulikaa jikoni kwake tukimenya ndizi chache zilizobaki, ndipo tukazungumza. Wachuma chai tulimwona akipanda migomba ile. Mama wa kanisani walishuhudia ndoa yake. Mabinti walijua kifungu cha kusoma. Hakuna kundi lililokuwa na kesi nzima. Mwezi ulipoisha tulikwenda na magauni yetu ya kila siku, na shamba likabaki kwake.

Sasa nasikia vikundi vyenu vimeshindwa kumpeleka polisi yule binti wa mtaa wa Bagamoyo aliyepigwa, kisa hamjakubaliana nembo ya nani ianze kwenye bango. Mwanangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Si lazima msali pamoja wala mpendane sana. Mtangulizeni aliyeumia, ninyi mfuate nyuma yake.

Nenda leo, chai itakusubiri. Kyala akusaje, Mungu akubariki, akupe ulimi mfupi kuliko wangu.