Leso Nyekundu Juu ya Dungu

Asubuhi moja ng'ombe wa Godana walikuwa wameingia tena kwenye mpunga wetu. Godana ni Muorma, mfugaji, tumepakana naye miaka mingi, na tabia yake naijua: kabla hujaenda kumtafuta, yeye keshafika. Alisimama kwenye tuta, viatu mkononi, akasema, "Mama Amuma, ni ng'ombe wangu. Usimlaumu mwingine." Nilimtukana nikatosheka. Alinyamaza tu, kisha yeye na mume wangu Buya wakashinda wakiinua mpunga uliolala, na jioni wakanywa chai pamoja. Ndivyo tulivyoishi hapa Golbanti. Tuligombana sana, lakini mwenye kosa tulimjua kwa sura.

Mwezi uleule watu wa msituni, wale wenye bunduki, wakachoma vijiji vya juu ya mto, tukaletewa majeshi. Si jeshi moja, ndugu yangu. Wanajeshi walipiga kambi shuleni, polisi wa operesheni wakakaa njia ya Garsen, na askari wa boti wakapanda mto kutoka Kipini. Uwanjani Garsen mkuu wao alitwambia vikosi vyote viko chini ya amri yake, vitafanya kazi kama mkono mmoja. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Mpunga ulikuwa unatia maziwa, na ndege hawangoji vita viishe. Buya alikuwa akishinda juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti, akivuta kamba zenye makopo kuwafukuza. Siku moja sajini wa kambi ya shuleni alipita. "Mzee," akamwambia, "funga kitambaa chekundu hapo juu, tujue wewe ni mkulima." Kijana wa adabu, aliomba maji na akashukuru. Nikachana leso yangu nyekundu, Buya akaifunga kwenye mti.

"Mama Amuma, mumeo amekuwa gavana. Ana bendera!" akapaza sauti kutoka juu.

"Shuka ule, wacha upuzi," nikamjibu.

Siku chache baadaye nilikuwa nampelekea uji, jua limeshapanda. Niliyasikia makopo yakilia. Kisha nikasikia boti.

Halafu risasi.

Nililala jarubani katikati ya mpunga, uso kwenye tope.

Makopo hayakulia tena.

Nilipomfikia, alikuwa amelala ukingoni mwa dungu, kamba bado imo mkononi. Nikamwita kwa jina lake, mimi ambaye siku zote nilimwita Baba Amuma. Hakuitika. Leso yangu ilikuwa palepale juu, inapepea.

Nilikwenda kambini shuleni na tope langu mwilini. Sajini alinitazama, machozi yakamlenga. Akasema wao hawakufyatua hata risasi moja, niwaulize wa boti. Wa boti wakasema waliambiwa na polisi kwamba kitambaa chekundu ni alama ya wapelelezi wa adui. Na aliyefyatua, ati hawamjui. Polisi wakasema hawakumwambia mtu yeyote kitu kama hicho, niende kwa mkuu.

Mkuu alinipa kiti na soda. Soda!

"Pole sana, mama. Ilikuwa operesheni ya pamoja."

"Nani alimpiga mume wangu?"

"Mama, sisi sote ni kitu kimoja."

"Na hicho kitu kimoja hakina mtu ndani yake?"

Akatazama saa yake.

Kwenye mazishi Godana alikuja na wanawe, wakachimba kaburi pamoja na watu wetu. Baadaye akaniuliza polepole, "Hawajaja?" Nikamwambia hawajaja. Akainamisha kichwa kwa haya, kana kwamba ni yeye aliyefanya.

Mpunga wote uliliwa na ndege. Dungu nililiachia mchwa. Watu wa msituni walitoweka, na majeshi nayo yakaondoka kwa malori, askari wakitupungia mikono. Watu husema yalituokoa, na huenda ni kweli, kwa maana kijiji chetu hakikuchomwa. Sibishani nao. Lakini nyumba iliyookolewa naingia peke yangu, na uji napika wa bakuli moja.

Sikutaka fidia, wala sikutaka mtu afungwe. Nilitaka mmoja wao tu, viatu mkononi, asimame kwenye tuta aseme, "Mama Amuma, ni mimi." Ningemtukana mpaka sauti ikauke, naye angenyamaza, na pengine jioni ningempa chai. Matusi yale ninayo mpaka leo, na sina wa kumtukana.