Gari la Milango Miwili Kutoka Lupepo

Daktari wa macho kule Mbeya aliniambia akiwa anaandika, bila kuinua uso. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. Presha ya macho ilikuwa imelila polepole kwa miaka, bila maumivu, na mimi nilidhani ni uzee tu unabisha hodi. La kulia lilikuwa limebakiwa na katikati peke yake. Pembeni kote palikuwa pamefungika, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba.

"Nitaona mpaka lini?" nilimuuliza.

"Mzee, wengine wanaona miaka mingi tu wakitumia dawa," alisema. "Wengine hapana."

Tulitoka nje, mimi na mke wangu, tukakaa kwenye benchi. Alinitazama kwa muda, akaniuliza, "Unataka nini?"

Alimaanisha chai au soda. Mimi nikamjibu, "Nataka gari."

Haya ninayasimulia kwenye simu, binti yangu ndiye anayeyaandika, na hapo alisimama akauliza kama ni kweli nilisema hivyo. Ni kweli. Nilikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha chai tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu. Nimefungua injini za malori na matrekta kuliko ninavyoweza kukumbuka, na katika miaka yote hiyo nilichomiliki mimi ni pikipiki. Nilipoanza kazi, palikuwa na mhandisi mmoja pale kiwandani aliyekuwa na gari la michezo la Kijapani, milango miwili, boneti ndefu, chini kama paka anayenyemelea. Jioni alipokuwa anateremka nalo kati ya mashamba ya chai tuliacha spana tukasikiliza anavyobadilisha gia. Nilijiambia nitanunua la namna ile. Kisha zikaja ada za watoto, yakaja mabati ya nyumba, akaugua mama yangu, na magari ya aina ile nayo yakazeeka, yakaanza kupotea.

Tulipostaafu, maana nasema tulistaafu wote wawili ingawa mke wangu hakuajiriwa, mpango ulikuwa kununua kirikuu, kigari cha mizigo, cha kubebea ndizi na parachichi zetu kutoka Suma kwenda sokoni. Mpango huo ulikuwa wa mke wangu, na ulikuwa mpango mzuri.

"Kirikuu kitabeba ndizi," aliniambia tulipofika nyumbani. "Hilo lako litabeba nini?"

"Litanibeba mimi."

Alininyamazia siku kadhaa. Chakula aliweka mezani, akaenda kulia chake jikoni. Halafu asubuhi moja, akiwa anamenya ndizi za mchana, alisema bila kugeuka: "Nitakwenda na wewe kulitafuta. Lakini usiliwashe siku hata moja mimi nikiwa sipo ndani. Dereva anakaa kulia, si ndiyo? Mimi nitakaa kushoto. Kule usikoona wewe nitaona mimi."

Gari la kwanza tulilitazama Mbeya mjini, kwa dalali kijana mwenye miwani ya jua juu ya kichwa. Lilikuwa jekundu, linang'aa mpaka linauma.

"Mzee, hii ni chuma haswa," alisema. "Hii ukipita nayo Tukuyu, mji unasimama."

Nilizunguka nikigeuza kichwa huku na huku ili lile jicho langu lipate kulikusanya gari lote. Sauti ya injini haikuwa mbaya. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu mke wangu alipoinua zulia la miguuni upande wa abiria.

"Baba," aliita. "Naona changarawe."

Sakafu ilikuwa imeoza, wakaiziba kwa bati jembamba, nalo likaoza. Dalali akasema ni kitu kidogo, kinachomelewa. Niliweka mkono chini ya mlango, chuma kikavunjika kama andazi la juzi. Tukaondoka. Njiani hakunicheka, na mimi nilitamani anicheke.

La pili tulisikia habari zake kanisani. Lilikuwa Lupepo, kwa mzee mmoja aliyefiwa na mke, ndani ya banda lililoegemezwa kwenye migomba. Tulipofika alitusalimia Kinyakyusa, tukamwitikia, akatuwekea viti, na kwa muda mrefu hatukuzungumza habari za gari. Tulizungumza mvua, bei ya majani ya chai, watoto walio mbali. Kisha akasimama, akaenda kuvuta turubai.

Lilikuwa la rangi ya maziwa, limechujuka. Lilikuwa na umri karibu sawa na miaka yangu ya kazi. Taa za mbele zilikuwa na ukungu wa maji kwa ndani, tairi zote zimelala, lakini kioo cha mbele kilikuwa kisafi, na dashibodi haikuwa na vumbi kama nilivyotegemea.

"Ni la mwanangu," alisema mzee. "Alilinunua Dar, akawa analitengeneza kidogo kidogo. Tulimzika hapo nyuma. Gari lilikuja baadaye, rafiki zake wakalileta."

Mke wangu aliuliza kile ambacho mimi nilishindwa kuuliza, akimwita baba kwa Kinyakyusa. "Tata, alifia humu?"

"Hapana. Aliugua. Homa tu, akaenda." Alipangusa kioo kwa kiganja. "Mama yake alikuwa anakuja kulifuta kila Jumapili tukitoka kanisani. Naye ameondoka mwaka juzi. Mimi nimejaribu kulifuta, naona siwezi."

Nililala chini kwenye udongo, nikatumia vidole mahali ambapo jicho halikufika. Kutu ilikuwepo, nani akae Rungwe asiwe na kutu, lakini chesisi ilikuwa nzima. Injini ilizunguka nilipoizungusha kwa mkono. Nilipotoka chini ya gari nilijigonga bega kwenye nguzo ya banda, kwa sababu ilikuwa upande wa kushoto.

"Macho yako yana nini?" mzee aliuliza.

Nikamwambia. Sikumficha kitu. Alichezea kamba ya turubai.

"Mimi sitaki gari la mwanangu lije liue mtu barabarani," alisema.

"Nitakuwa ndani kila siku, tata," mke wangu alisema. "Siku nitakayomwambia asimame, atasimama."

"Na asiposimama?"

"Atasimama."

Mzee alimtazama yeye, si mimi, kisha akakubali. Juma lililofuata tulirudi na betri, plagi mpya, petroli na pampu ya kujazia tairi. Nilisafisha kabureta pale pale juu ya gunia. Liligoma kwa muda mrefu. Lilikohoa, likazima, likakohoa tena, halafu likawaka lote kwa mpigo, moshi mweusi ukajaa migombani. Mzee aligeuka akaenda nyuma ya nyumba. Hakurudi mpaka nilipozima injini, na aliporudi alikuwa amenawa uso. Bei hatukuvutana. Tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na mzee akaomba kitu kimoja tu, kitambaa cha kufutia kilichokuwa ndani ya kidroo cha dashibodi, abaki nacho.

Nilifanya kazi juu ya gari lile wiki nyingi, nikishindana mbio na jicho langu lililokuwa linakwisha. Breki, klachi, rejeta, nyaya. Binti yangu alipiga simu kutoka Dar: "Baba, gari la watu wawili, sisi tukija tukae wapi?" Majirani walipita uani wakasema hongera, kisha wakaenda kusema yao kwa mbali. Kwamba mstaafu amechanganyikiwa. Kwamba mke wangu ameshindwa kumshika. Sikuwalaumu.

Tulianza kutoka nalo mchana tu, kwenye barabara inayokatiza mashamba ya chai, mwendo wa kanisani. Mke wangu alikaa amefunga mkanda, pochi mapajani, macho mbele kama askari wa zamu.

"Kushoto mama na mzigo."

"Nimesikia."

"Kushoto baiskeli. Inayumba. Mpe nafasi."

Nilimpa nafasi. Gari lilikuwa zito kwenye usukani, na kila nilipopanda kilima na gia ya pili nilihisi injini ile kwenye mifupa ya mapaja. Siku moja kwenye mteremko nililiachia kidogo. Chai ilipita pande zote mbili, kijani kitupu, na mke wangu akapiga ukelele ambao nilidhani ni wa hofu, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Ninaisikia sauti ile mpaka leo, na si kila siku napenda kuisikia.

Asubuhi ya mwisho niliamka na kichwa kinauma na jicho linavuta. Taa ya chumbani ilikuwa na duara la rangi, kama upinde wa mvua. Nikadhani ni baridi, maana ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ukungu ulikuwa umetanda mpaka mlangoni. Mke wangu alisema tusubiri upungue, tukasubiri tukinywa chai, na alipoona unapungua tukaondoka.

Niliendesha polepole. Tulivuka daraja, tukaanza kupanda. Kichwa kilikuwa kinanigonga. Niliwasha taa za mbele, nikapunguza mwendo zaidi, nikainama juu ya usukani.

"Ukungu wa leo sijapata kuuona," nilisema.

Nilimsikia mke wangu anageuka kitini. Kisha akasema taratibu, "Ukungu gani, baba? Umeondoka tangu kule darajani."

"Jua limetoka?"

"Limetoka."

Mbele yangu palikuwa peupe, kama mtu ameweka shuka kwenye kioo. Nikajua.

"Sikiliza," mke wangu alisema. "Mbele hakuna mtu. Kanyaga breki kidogo. Leta kushoto. Kidogo. Tena kidogo. Usizidishe, kuna mtaro. Hapo. Simama hapo."

Nikasimama. Nikavuta breki ya mkono, nikazima injini. Tulikaa. Nilisikia wachuma chai wanaongea huko juu shambani, mmoja anaimba. Mke wangu alinishika mkono juu ya gia, akaubana mpaka ukauma.

Mwanamke mmoja aliteremka na kapu lake mgongoni, akaja mpaka dirishani. "Mama!" alisema. "Gari zuri hili! Mnakwenda harusini?"

Mke wangu alimwambia, "Mume wangu anaumwa, naomba mtusimamishie gari lolote." Lililokuja lilikuwa lori la kiwanda, limebeba majani mabichi, na dereva wake nilikuwa nimemfundisha kubadilisha pampu ya dizeli alipoajiriwa. Alinipandisha mbele kwa kunishika kiuno kama mtoto. Tulikwenda hospitali Makandana, wakatupa gari la wagonjwa kwenda Mbeya jioni ile ile. Walinipasua. Walifanya walichoweza, ninaamini hivyo. Bandeji ilipotolewa niliona mwanga upande wa dirisha, na baada ya miezi hata huo ukaondoka.

Yule dereva wa lori alilirudisha gari nyumbani. Mke wangu akalifunika turubai. Nilimwambia aliuze, akasema, "Likae." Mimi niliyelitaka nikawa nalichukia, na yeye aliyelikataa akawa halitaki liguswe.

Siku moja nilijikokota mpaka uani, nikafungua mlango, nikakaa kwenye usukani. Nilikanyaga klachi, nikapita gia zote, ya kwanza mpaka ya nne, nikarudi. Nilisikia mlango wa kushoto unafunguliwa, yeye akaingia. Hasira ikanipanda bila sababu.

"Ungenikataza," nilimwambia. "Wewe ulikuwa na akili. Ungesema hapana, tukanunua kirikuu."

"Ningesema hapana," alijibu, "ungekuwa umekaa hapa hapa, huoni, na hukuendesha. Ningekuwa nimekuokoa na nini?"

Mvua ilianza kupiga juu ya bati la gari, na tone moja likanidondokea gotini, kwa hiyo nikajua paa limeanza kuvuja.

Masika yaliyofuata kutu ilipanda milango, na yeye mwenyewe akasema basi. Alikuja kijana kutoka Mbeya. Mke wangu alimzungusha gari lote akimwonyesha kila palipooza, hakusitiri kitu, mpaka yule kijana akauliza kama kweli anataka kuuza. Walilisukuma mpaka likawaka. Nilisimama ukutani nikalisikiliza linapanda kuelekea barabara kubwa. Gia ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu alichelewa, injini ikalalamika, halafu ikatulia, halafu mlima ukaimeza.

"Limeshapita?" niliuliza.

"Limeshapita," alisema, akaenda kumwona ng'ombe.

Kirikuu hatukununua. Safari za hospitali zilikula kila kitu, na za sasa zinaendelea kwa ajili ya mke wangu, maana naye ameanza matone ya macho. Mwezi uliopita alifunga kamba ya katani kutoka mlango wa jikoni mpaka chooni, usawa wa kiuno changu, ili nisimwite kila mara. Ikilowa inateleza. Naishika kwa mikono yote miwili, nakwenda taratibu, na ninamsikia yeye amesimama mlangoni, hasemi kitu, mpaka nifike.