Nusu Tofali Juu ya Breki

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, mjomba wangu huchukua nusu tofali na kwenda nalo kwenye banda la gereji yake. Huwasha swichi ya pikipiki ya kwanza, huliweka tofali juu ya pedeli ya breki, kisha huzunguka nyuma, huchuchumaa na kutazama taa. Ikiwaka nyekundu husema kwa sauti, "Inawaka," kana kwamba yupo karani anayeandika. Halafu hulibeba tofali hadi kwa ya pili, na ya tatu, mpaka amalize zote zilizolala hapo. Wateja wamempa jina hilohilo. Hata watoto wa jirani humwamkia kwa jina hilo wakienda shule: "Shikamoo, Inawaka!" Naye huitikia bila kuinua kichwa.

Pikipiki zenyewe ni zile za magurudumu manne, zilizotengenezwa kwa kazi za shamba. Sisi tunaziita kwadi. Nilipomaliza chuo na kukosa kazi, mama alinipeleka kwa kaka yake nikamsaidie kujaza fomu, maana tangu kwadi ziruhusiwe barabarani, fomu pale gereji zilikuwa nyingi kuliko spana. Siku ya kwanza tu niliona kwamba tofali halikufika kwa kwadi ya mwisho, iliyofunikwa turubai pembeni. Badala yake mjomba aliweka kiganja juu ya turubai, mara moja, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa, kisha akaenda kunywa chai yake.

Ilikuwa ya marehemu mkewe.

Watu walimwita Mama Maziwa. Alikuwa akipita mabandani alfajiri kukusanya maziwa ya wafugaji, anafunga madumu nyuma ya kwadi kwa kamba za mpira, na kuyapeleka kituo cha kupozea ng'ambo ya mto. Njia yake yote ilikuwa ya vumbi, katikati ya mashamba, isipokuwa daraja. Daraja ni la lami. Hakuna njia nyingine ya kuvuka, na urefu wake hauzidi hatua mia mbili.

Wakati ule sheria ilisema kwadi ni mashine ya shamba, haina ruhusa kukanyaga lami. Trafiki akikukamata na kwadi yenye taa, indiketa na honi, alisema umeiandaa kwa barabara, akaichukua. Akikukamata na kwadi isiyo na taa, ulijitetea kwamba ni mashine ya shamba tu, ulikuwa unavuka. Alikufokea na kukurudisha. Basi mafundi wote wakawa na ujanja mmoja: kwadi ikinunuliwa, kazi ya kwanza ni kung'oa taa. Wenye kwadi walishukuru. Hakuna aliyeona ubaya wake.

Asubuhi moja ya ukungu, lori lilimgonga Mama Maziwa kwa nyuma akiwa katikati ya daraja. Alifariki kabla jua halijatoka vizuri. Maziwa, wanasema, yalitiririka mpaka mwisho wa daraja.

Dereva wa lori alisema tangu siku hiyo maneno yaleyale: hakuona taa yoyote mbele yake. Hakuna aliyemsadiki. Nyuma ya kwadi ilikuwa imesagika, mabati na plastiki zimekuwa unga, nani angejua taa ilikuwepo au haikuwepo? Watu walisema fundi hawezi kuing'oa taa ya mkewe mwenyewe; dereva alisinzia. Alinyang'anywa leseni. Sasa anasukuma mkokoteni wa magunia, na daraja analovuka nao ni lilelile.

Mjomba hakusema neno. Alianza kwenda kwenye mikutano ya halmashauri, yeye ambaye hata harusini hasimami kutoa nasaha. Alienda miaka minne. Alikaa nyuma, kofia mapajani, na zamu yake ikifika alisimama na kusema sentensi moja: "Zipeni kwadi ruhusa ya barabara, ziwe na taa." Kisha alikaa. Mwaka wa kwanza walicheka. Mwaka wa nne sheria ikabadilishwa: kwadi iruhusiwe kwenye barabara za kawaida, mradi iwe na taa mbele na nyuma, indiketa, vioo vya pembeni, honi na namba, na ipite kwa mkaguzi.

Ndipo gereji ikafurika. Kwa kwadi za zamani fomu ilikuwa na sehemu inayouliza: taa zilizotoka kiwandani zipo? Kama hazipo, au ziliwahi kutolewa, eleza sababu na utaje aliyezitoa. Kila mteja alifika hapo akakuna kichwa.

"Andika zilivunjika," mjomba aliwaambia. "Yaishe."

Nikaandika zilivunjika. Niliandika mara nyingi hivi kwamba mkaguzi, mama mmoja mnene anayekuja kila Alhamisi na miwani yake kwenye kamba, alivua miwani akaniangalia.

"Mwanangu, hebu nieleze. Taa za mtaa huu zote zilivunjika siku moja, kama trei la mayai?"

"Kuku wetu hawatagi vizuri, mheshimiwa," mjomba akajibu chini ya kwadi.

Mkaguzi akacheka mpaka akagonga muhuri mahali pasipo pake.

Mjomba ana binti mmoja, binamu yangu. Amesomea afya ya mifugo, anatembea banda kwa banda akichoma ng'ombe sindano, na kila mtu anamwita Daktari. Aliajiriwa ng'ambo ya mto. Jumapili moja alikuja, akavua viatu vya mvua mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye turubai.

"Baba, naitaka hii."

"Hiyo mbovu."

"Mbovu! Umeinyoosha miaka minne. Unadhani sijui? Kila nikija fremu imenyooka zaidi kuliko mimi."

"Nitakutafutia nyingine."

"Sitaki nyingine. Mama alikuwa anapita na hii kwa woga, kama mwizi. Mimi nitapita nayo mchana kweupe, na namba nyuma." Akanigeukia. "Wewe mwanachuo, mbona umekaa kimya? Mwambie mjomba wako."

Mimi nilitazama fomu zangu. Sijawahi kuwa mtu wa kuingilia mazungumzo.

Mjomba alikubali kwa kutokujibu. Wiki ile alianza kuifunga indiketa na vioo. Jumanne akanituma nimletee fyuzi kutoka rafu ya juu. Makopo yote pale juu yanafanana, na mimi ni mfupi; nikashusha lisilo lenyewe. Ndani yake, katika kipande cha kanga kilichofuliwa, kulikuwa na taa ya nyuma ya kwadi. Kioo chake chekundu kilikuwa kizima, hakina hata mkwaruzo. Nyaya zake mbili zilikuwa zimekatwa kwa koleo, sawasawa, kwa mkono usio na haraka.

Taa iliyogongwa na lori haitoki hivyo.

Nililirudisha kopo nikatafuta lingine. Nilipompa fyuzi aliitazama mikono yangu yenye vumbi la makopo, kisha akaitazama rafu. Akarudi kwenye indiketa zake. Mimi nikarudi kwenye fomu.

Kesho yake mkokoteni wa magunia ulisimama mbele ya gereji. Gurudumu lilikuwa linalia tangu mbali. Kwa kawaida, mlio ule ukisikika, mjomba hujiingiza chini ya kwadi yoyote iliyo karibu, hata isiyo na ubovu. Siku hiyo hakuwahi.

"Fundi," dereva wa zamani alisema kwa heshima, "nisaidie grisi kidogo. Hili gurudumu linanitangaza kila mtaa."

Mjomba alipiga magoti. Alipaka grisi gurudumu la kulia, akapaka la kushoto ambalo halikuwa na shida, akafuta, akapaka tena.

"Mungu akuzidishie," alisema yule mtu. "Na nikwambie kitu, fundi. Katika watu wote wa hapa, wewe uliyefiwa, wewe peke yako hujawahi kuniita mwongo."

Akaondoka, mkokoteni kimya. Mjomba alibaki amepiga magoti, kopo la grisi mkononi, kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Chai yake ilipoa, nikaimwaga.

Alhamisi, siku ya ukaguzi, nilimkuta ameshaamka kabla yangu. Turubai lilikuwa limekunjwa. Kwadi ya Mama Maziwa ilisimama katikati ya banda, imepakwa rangi mpya, na nyuma yake palikuwa na taa niliyoijua. Aliziunganisha zile nyaya mbili na kuzifunga utepe mweusi.

Daktari alifika na kofia ngumu mpya kwapani. Aliizunguka kwadi akicheka, akagusa vioo, akapiga honi, akafika nyuma, akasimama.

"Baba. Hii taa si ndiyo ile ya kiwandani?"

Mjomba alichukua nusu tofali. Akawasha swichi, akaliweka juu ya pedeli, akazunguka na kuchuchumaa mahali pake pa kila siku. Ile nyekundu ikamwangaza usoni. Nilisubiri neno lake. Halikuja.

"Inawaka," Daktari akasema kwa niaba yake, lakini sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Si ilisagika pale darajani? Tuliambiwa ilisagika."

Mkaguzi alikuwa ameshaingia, miwani inaning'inia kifuani. "Haya, leo tuna nini? Hii safi. Fomu iko wapi?"

Fomu ilikuwa mbele yangu, nimeshaijaza jina la mwenye chombo, rangi, namba ya injini. Palibaki sehemu moja. Daktari alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Andika zilivunjika," aliniambia taratibu, kama mtu anayeomba. "Andika kama wengine."

Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Neno lile mkono wangu ulilijua kuliko jina langu. Nje, kwenye barabara ya kwenda darajani, watu walikuwa wakipita na mizigo yao, na mkokoteni mmoja ulipita bila mlio. Miezi minane nilikaa katika gereji ile bila kumwuliza mjomba jambo lolote lililokuwa lake.

"Mjomba," nikasema, "niandike nini hapa?"

Alikuwa bado amechuchumaa. Aliliondoa tofali kwenye pedeli, taa ikazimika, akalishika kwa mikono miwili. Hakunitazama mimi. Alimtazama binti yake.

"Andika nilizitoa mimi," akasema. "Na yule dereva alisema kweli."