Dawa ya Minyoo na Kopo la Udongo

Mimi sipendi mbwa, na nianze kwa kusema hivyo. Nyumbani kwetu Mahajanga mbwa alikuwa kitu cha kupita barabarani, na mtoto aliyerambwa mguu alipelekwa bombani akasuguliwa mara saba, moja kwa udongo, huku akigombezwa njia nzima. Aligombezwa kwa Kingazija. Kimalagasi kilikuwa cha sokoni na Kifaransa cha shule. Kiswahili hiki nilikipata ukubwani kwa jamaa zetu wa Zanzibar, kwa hiyo maneno ya watu nitakaowataja nimeyageuza mwenyewe. Ajabu ni kwamba nikiulizwa leo najua nini hapa duniani, nusu ya jibu ni minyoo ya mbwa. Niliijua kwa ajili ya baba yangu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya vurugu za mjini dhidi yetu Wangazija, ndugu zangu waliondoka Mahajanga kama wengi wa watu wetu, wakaenda Komoro. Mama alikuwa ameshafariki. Mimi nilikuwa nimeolewa kisiwani Nosy Be, kijiji cha Ambanoro. Baba akabaki peke yake katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mzima, macho yakianza kuingia ukungu. Wezi wakamzoea. Kwanza walichukua redio. Waliporudi walibeba sufuria na mchuzi wake ndani, naye yuko chumba cha pili anasali. Nilimwendea nikamsihi aje kukaa kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa mkwe hakuzeekewi. Nililia mbele yake bila haya, maana nilimwona kama mtu aliyesahauliwa bandarini. Ndipo akalegea kidogo.

"Niletee mbwa basi, akae uani abweke," akasema. "Ila kumgusa sitamgusa."

Mbwa tulikuwa naye. Mume wangu alikuwa na ghala la samaki wakavu na pilipili manga, na ghala halilindwi kwa dua peke yake, kwa hiyo chini ya sakafu yake alilala jike mmoja mwekundu. Sheria za jike huyo ziliwekwa na mamamkwe, ambaye sote tulimwita Koko kama wajukuu wake walivyomwita. Chakula chake kiliwekwa katika sufuria kuukuu, na sufuria ikasukumwa kwa fimbo. Nyuma ya mlango wa bafu palikaa kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo, kwa ajili ya atakayepatwa na ajali. Koko aliuchekecha udongo ule kama mtu anayechekecha unga wa mkate. Kopo lilimaliza mwaka bila kupungua, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna aliyethubutu kupatwa na ajali.

Uzao wa kwanza wa yule jike ulikufa wote. Walikuwa wakila vizuri, matumbo yamewambwa kama ngoma, na bado mbavu zinahesabika. Majirani walisema jicho. Mimi niliona kile alichotapika mmoja wao kabla ya kufa: minyoo mirefu, myeupe, imejikunja kama tambi. Tambi sikuzila tena mpaka Idi, na hata siku ya Idi nilizila nikitazama pembeni.

Alipozaa tena nilisema hawa hawafi. Miongoni mwao alikuwamo mmoja wa manjano, mdogo kuliko wote, aliyebweka kabla hajajua kutembea sawasawa. Huyo nikamwekea baba.

Ushauri ulikuja bila kuitwa. Jirani yangu alinipa mbegu za papai zilizokaushwa na kutwangwa. Shemeji yangu alileta chupa ya dawa ya ng'ombe, akasema minyoo ni minyoo. Koko mwenyewe alikuwa na mafuta ya mbarika, ambayo kila mtoto wa nyumba ile aliyanywa kila likizo huku amebanwa pua. Nikaona hawa wote wanakisia, nikaenda mjini Hell-Ville kwa ofisa wa mifugo.

Ofisa alizoea ng'ombe, na habari za vijibwa zilimpigisha miayo. Hata hivyo aliuliza maswali ambayo hakuna mtu kwetu aliyeyauliza. Ni mirefu kama tambi, au ni vipande kama punje za wali? Fizi za watoto zina wekundu au zimepauka? Wana wiki ngapi? Mama yao amepewa nini? Nilimjibu yote isipokuwa la fizi, maana nani angewafunua midomo. Akaniambia punje za wali zingekuwa tegu, na tegu ana dawa yake. Fizi zilizopauka zingekuwa safura, inayonyonya damu, na hapo angenipa kitu kingine. Hii ya tambi ndiyo ya kawaida: watoto huipata tumboni mwa mama yao na katika maziwa yake, kwa hiyo kumtibu mtoto na kumwacha mama ni kudeki huku bomba linamwaga. Dawa ya ng'ombe alinikataza kabisa. Kwa kiumbe cha ukubwa ule, alisema, tofauti ya dawa na sumu ni tone moja. Mbegu za papai alizicheka tu.

Alichonichagulia kilikuwa sharubati ya minyoo wanayopewa watoto wa watu, inayouzwa duka lolote la dawa. Kiasi kilikwenda kwa uzito. Kila mmoja apimwe, kila mmoja atiwe mdomoni peke yake, na baada ya wiki mbili irudiwe, kwa sababu minyoo mingine huwa bado iko safarini mwilini na dawa haiifikii. Nilirudi Ambanoro na chupa yangu nikajiona daktari.

Mume wangu ni mtu mwema, lakini hupenda njia za mkato. Siku ya pili yake nilikwenda kuhani msiba, na niliporudi nikamkuta mlangoni anatabasamu.

"Tumeshawapa," akasema, "na hakuna aliyejinajisi."

Alikuwa ameimimina chupa nzima katika ile sufuria kuukuu, juu ya maziwa, akaisukuma kwa fimbo. Basi dume kubwa kuliko wote alifika kwanza, akanywa fungu lake na la nduguze. Alasiri alikuwa anatokwa na udenda, miguu inakwenda inakotaka yenyewe, anatapika. Wa manjano alifika wa mwisho. Hakupata kitu, akabaki kuramba fimbo. Kesho yake hakuamka kunyonya. Alilala ubavu, tumbo limekaza, na alipotaka kubweka ikatoka pumzi tu.

Nilimwambia mume wangu maneno ambayo mke wa heshima hamwambii mumewe mbele ya mama yake, na siyajutii hata leo. Nilimwambia baba yangu ameomba kitu kimoja tangu nizaliwe, na kitu chenyewe kinakufa kwa sababu watu wa nyumba hii wanaogopa pua ya mbwa yenye maji. Nikasema nitawashika kwa mikono yangu, mmoja mmoja, na nitawapima kwa mizani ya samaki. Akauliza je, sala? Akauliza je, mizani? Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie la kufanya na mizani yake, Koko akatoka ndani. Mkono mmoja ameshika ndoo, mwingine ameshika kopo la udongo.

"Hatukuambiwa tusishike," akamwambia mwanawe. "Tuliambiwa tukishika, tuoshe. Najisi ina maji yake. Kifo hakina."

Kisha akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akatandika leso kuukuu mapajani, akanigeukia. "Mlete huyo mgonjwa kwanza."

Mume wangu alikwenda mjini bila kutumwa, akarudi na chupa nyingine. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge: tuliwatia kapuni mmoja baada ya mwingine, kapu tukalitundika kwenye mizani, na yeye mwenyewe akasoma uzito, akisimama mbali kama anayesoma bango. Yule dume mlevi tulimwacha apumzike siku zake. Koko aliwafunua midomo. Fizi zilikuwa na wekundu, tukamshukuru Mungu si safura. Mimi nilitia sharubati kwa bomba lisilo na sindano, pembeni mwa shavu, polepole, nikisubiri kila mmoja ameze. Wa manjano aliimwaga mara ya kwanza kidevuni. Koko akamshika taya kwa vidole viwili, akamkuna koo kama anavyokuna mtoto mchanga, na dawa ikashuka. Jike tulimpa ya kwake ndani ya kipande cha samaki. Halafu tukaosha. Koko alihesabu kwa sauti, na kila nilipomchanganya kwa maneno alianza upya, mpaka ngozi ya vidole ikajikunja.

Yaliyotoka kesho yake sitayaeleza. Tuliyazoa kila asubuhi tukayafukia mbali na mahali walipolala, maana ofisa alisema mayai hukaa ardhini yakasubiri. Baada ya wiki mbili tulirudia. Safari hiyo hakuna aliyeniuliza habari za sala, na wa manjano alibweka mizani ilipomwinua.

Alipokua kidogo nilipanda naye meli ya mizigo mpaka Mahajanga, ndani ya kapu lililowahi kubebea maua ya mlangilangi, kwa hiyo alishuka bandarini ananukia kama biarusi. Aliingia uani kwa baba akambwekea mwenye nyumba. Baba alitega sikio akaridhika. Nilikuwa nimemletea pia kopo la udongo, Koko mwenyewe kauchekecha. Baba alilipapasa, akajua ni nini, akalisukuma nyuma.

"La nini hili? Nimekwambia simgusi."

Nikarudi nalo Nosy Be.

Wezi hawakurudi. Kila nilipokwenda kumtazama nilimpelekea dawa ya mbwa, na baadaye vidonge vilivyoweza tegu na safura pamoja vikapatikana Mahajanga kwenyewe. Nilimuuliza anampaje. Alisema anachanganya na wali. Nilimsimulia kisa cha sufuria, nikamgombeza kwamba dawa hailishwi kwa kukisia, na yeye akajibu, "Anakula, na wewe ulisema ale." Manyoya ya mbwa yaling'aa, nikamwachia vidonge. Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa wezi wala minyoo. Macho ya baba yaliishia kufunga kabisa, na kila nilipopanda meli kurudi nilimwacha amekaa barazani, mikono magotini. Nilijua hakuna mtu wa kuishika mpaka nirudi.

Alifariki katika miaka ya themanini, usingizini, wakati wa mvua. Baada ya maziko wanawake walipotawanyika nilikwenda bafuni kunawa uso. Nyuma ya mlango kulikuwa na debe la mafuta ya taa lililokatwa juu. Ndani yake mlikuwa na udongo mwekundu, laini, hauna hata punje ya jiwe, na kata ya nazi imechomekwa katikati. Nilitoka nje nikatafuta ulikotoka. Chini ya ukuta kulikuwa na shimo linalofika gotini, kingo zake zimelainika kwa miaka ya kuchimbwa, na mizizi ya mpapai iko wazi.

Kopo la Koko lilikuwa likimaliza mwaka bila kupungua. Udongo wote ule haumalizwi na vidonge vya mara mojamoja. Baba alikuwa akimshika mbwa, basi. Alimshika kila siku, na kila sala ilipofika akaosha, kipofu, akihesabu mwenyewe. Nilirudi bafuni, nikakaa juu ya ndoo nikalia, na furaha ilikuwa nyingi kuliko huzuni.

Mbwa alikuja akasimama kizingitini, hakuingia. Dawa yake ilikuwa imechelewa, na nilikuwa nayo mfukoni. Nilichuchumaa kumshika taya kwa vidole viwili kama Koko. Kabla sijamgusa aliinua kidevu, akafumba macho, akafungua mdomo mwenyewe akasubiri. Nikamwekea kidonge nyuma ya ulimi, nikamkuna koo mpaka akameza. Kisha nikanawa kwa udongo wa baba.