Mgonjwa wa Kwanza Kamukuywa

Mwezi uliopita nilienda mazishi Kamukuywa, nikaona nipitie kwenye boma la nyanya yangu. Rafiki yangu, sikuliona. Miwa imepandwa mpaka ukingoni mwa barabara, na mama niliyemuuliza hakujua kwamba mtu aliwahi kuishi pale.

Hapo ndipo nilipokuwa nikienda shule zikifungwa, miaka ya hamsini, nilipokuwa darasa la juu kabisa la sekondari nikijiandaa kwenda Uganda kusomea udaktari. Mwalimu wetu wa bayolojia kule Bungoma alituagiza tujizoeze kupasua vyura nyumbani. Basi nikawa nawakamata mtoni, nawalaza kwenye ubao nyuma ya ghala la mahindi, nawafungua kwa wembe, kisha nachora moyo na ini kwenye daftari. Jirani yetu alipoona hayo aliacha kutuletea maziwa. Alisema nasomea uchawi. Nyanya, ambaye sote tulimwita Kukhu, alimjibu tu kwamba mtu hatengenezi asichokijua ndani, akaendelea kupepeta wimbi.

Alikuwa akinipikia ugali wa wimbi na mboga ya mrenda, halafu anakaa kunitazama nikila. Yeye mwenyewe alimega matonge mawili, basi. Nilidhani ni uzee.

Siku moja nikiwa nachora, alivuta kigoda akaketi karibu nami.

"Wacha hao vyura," akasema. "Nitazame mimi."

Akaushika mkono wangu, akauweka chini ya mbavu zake. Palikuwa na kitu kigumu kama pera bichi.

"Kimekuwa hapa tangu lini, Kukhu?"

"Tangu ulipoingia hiyo shule kubwa."

"Na hukwenda hospitali?"

"Ya nini? Si daktari wangu anasoma? Nilikuwa nakungoja umalize."

Nilijua mifupa yote ya chura kwa jina. Juu ya kitu kile sikujua hata neno moja. Kesho yake asubuhi tulitembea polepole hadi barabarani, tukapata lori la mahindi lililokuwa likienda Kitale kupitia Kiminini. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Hospitalini, upande wa Waafrika, daktari mzungu alimpima kwa muda mrefu, kisha akanivuta kando kwa vile nilijua Kiingereza. Alisema kama angeletwa mwaka uliotangulia, angejaribu kumpasua. Sasa nimrudishe nyumbani tu.

Kukhu aliniuliza amesema nini.

"Amesema upumzike."

Alinitazama kidogo. "Basi hata yeye hajamaliza kusoma," akasema, akatangulia kutoka nje kutafuta lori la kurudi.

Alikufa wakati wa kuvuna mahindi, nami nikiwa Bungoma kwenye chumba cha mtihani. Watu wa nyumbani walinificha mpaka nilipoandika karatasi ya mwisho. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeanza kuota nyasi.

Nilifaulu. Nikaenda Uganda, nikawa daktari, nikafanya kazi mpaka nikastaafu. Waliomjua Kukhu wameisha mmoja mmoja, na boma lake nalo limelimwa. Katika miaka hiyo yote wagonjwa wengi waliingia chumbani kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa zamu siku hiyo. Aliyenichagua ni mmoja tu, na alinichagua nikiwa sijui kitu.