Mistari ya Mgongo wa Wekesa

Mtu anayetunga uongo hujipa nafasi nzuri ndani yake. Katika kisa hiki mimi ndiye niliyeharibu, kwa hivyo niamini. Nimekiandika mara sita na kukifuta mara tano, kwa sababu kila mara niliona sentensi ambayo haijanyooka. Hii ya sita nimeapa sitaigusa tena.

Mimi ni msusi. Sikwenda chuo. Nilijifunza kwa video, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kwa mgongo wa rafiki yangu Wekesa. Ndiyo, mgongo. Hujasoma vibaya. Wekesa ni kinyozi. Tulikuwa na kibanda kimoja kule mtaa wa Kware, upande mmoja mashine zake za kunyoa, upande wa pili kiti changu, katikati pazia la maua. Wateja walidhani sisi ni mke na mume waliokosana.

Sasa nikueleze tulivyo. Kuna nyumba chache huko magharibi, si kabila, wala si ukoo mzima, nyumba chache tu, ambazo baadhi ya watoto wao hugeuka fisi mwezi ukijaa. Mimi ni mmoja wao. Wekesa ni mwingine. Unacheka? Cheka tu. Mimi mwenyewe ningecheka kama yasingekuwa ya kwangu.

Huwa hivi. Siku ya mwezi mpevu, kuanzia mchana, nywele huota kutoka kisogoni hadi kiunoni, ngumu kama za brashi ya viatu. Jua likizama kabla hazijasukwa, mtu anakwenda, anakuja mnyama. Zikisukwa mistari ya kubana, mnyama hulala chini ya ngozi. Unapata homa, unasikia hadi paka wa ploti ya tano kutoka yenu akijilamba, lakini unabaki wewe. Utauliza, mbona hamnyoi tu, na mmoja wenu ni kinyozi? Tulijaribu. Wekesa alininyoa saa kumi. Saa kumi na moja zilikuwa zimefika magotini, na mashine imeungua.

Shida ni kwamba hakuna anayefikia mgongo wake mwenyewe. Lazima akusuke mtu mwingine, na lazima awe anajua. Mimi nilisukwa na mama, Wekesa na mama yake. Tulitambuana tukiwa na miaka kumi na sita, shuleni Huruma, siku ya michezo, kola ya fulana yake iliposhuka nikaona ncha za mistari mitatu shingoni. Nikamnong'oneza, "Wewe pia?" Alitaka kukimbia, nikamshika fulana. Mama zetu waliporudi mashambani tukabaki kusukana sisi wawili, kila mwezi, kwa miaka tisa.

Na nilimpenda. Sikumwambia. Kwa nini? Kwa sababu wapenzi hugombana, na tukigombana siku kama hiyo, nani atanisuka? Mimi ni mtu wa kuwaza mambo hadi mwisho wake mbaya kabisa, kisha kukaa hapo. Kwa hivyo nilinyamaza, nikawa namsuka vizuri kuliko mteja yeyote anayenilipa.

Kisha ikaja kazi ya Diani, huko pwani. Hoteli kubwa, saluni ndani, chumba cha kulala, mkataba wa miaka miwili. Kwa mtu asiye na cheti, unajua hiyo ni nini? Niliambiwa nitume picha za kazi yangu kabla ya saa kumi na mbili jioni, siku waliyoipanga wao, na saa moja msimamizi wa saluni angenipigia kwa video aone mikono yangu ikisuka. Asiyeshika simu, nafasi inapewa mwingine. Nikaangalia kalenda. Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi mpevu.

Nilipomwambia Wekesa, hakuinua macho kutoka kichwa cha mteja.

"Poa," alisema. "Enda."

"Hivyo tu?"

"Ulitaka nilie? Enda, manze. Hao watalii watajuaje mistari ni nini wewe usipoenda?"

Niliumia, nakiri. Nilitaka anizuie ili nipate raha ya kukataa kuzuiwa. Wiki tatu zilizofuata alikuwa anafunga upande wake mapema na kwenda chumbani kwake, na nikimtembelea anachelewa kufungua. Vidole vyake vilikuwa na vidonda vidogo vidogo. Nilimuuliza, akasema ni wembe. Kinyozi wa miaka saba, akatwe na wembe kila siku?

Siku ikafika. Wekesa alinisuka saa nane, haraka, akanifunga kitambaa shingoni. Nilimwahidi nitarudi saa kumi kumsuka yeye. Nikaenda kwa jirani yetu, Mama Zuhura, mwanamke wa Lamu anayekaa chini ya chumba cha Wekesa, kumsuka binti yake kwa ajili ya zile picha.

Nilimfumua Zuhura mara tatu.

"Dada, kichwa kinawaka moto," alisema yule msichana. "Laini uliyofumua na hii ni sawasawa."

"Si sawasawa. Ile ilikuwa imeegemea."

"Basi piga picha ya nyuma tu, uegemeze simu."

Nilituma picha saa kumi na moja na nusu. Nikapanda ngazi mbio hadi ghorofa ya nne. Wekesa alikuwa ameketi kwenye stuli bila shati, amenipa mgongo, na niliona kwa mashavu yake kwamba anatabasamu.

"Niaje, boss wa Diani. Hebu cheki."

Nikatazama. Nusu ya nywele za mgongo wake zilikuwa zimeshasukwa. Mistari sita, imepinda kama nyaya za stima za ploti yetu, mingine minene, mingine myembamba. Kazi ya mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoharibu, na sitajipaka mafuta. Nilifikiri: amepata msichana. Sijaondoka, na tayari ana mwingine anayejua mgongo wake. Sikuuliza. Niliingiza vidole nikaanza kufumua.

"Ngoja," alisema.

"Tulia. Nani amekuharibu hivi?"

"Si mbaya sana, ama?"

"Wekesa, hii ni aibu."

Mabega yake yalishuka, nayaona hadi leo. Nilifumua yote sita. Nikaanza upya, mistari yangu, iliyonyooka. Miwili nikamaliza. Wa tatu ukapinda kidogo kwa sababu ya haraka, na badala ya kuuacha, nikaufumua pia. Mtu mwenye akili hafanyi hivyo jua likiwa limefika kwenye matangi ya maji ya ploti ya jirani. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu mimi hutoka kwa njia ya usafi.

Ghafla chumba kikawa na rangi ya majivu. Mfupa wa bega ulisogea chini ya kiganja changu.

"Toka," alisema, na sauti ilikuwa tayari inamwacha. "Funga mlango."

Miaka tisa, na sikuwahi kumwona akigeuka. Sitaki kuieleza sana. Hakukuwa na kelele kubwa. Ilikuwa kama mtu anavua nguo nzito akiwa amechoka. Kisha kati ya kitanda na jiko la gesi alisimama fisi, mabega juu, kiuno chini, nywele zimesimama mgongoni, na shingoni ile mistari yangu miwili, imenyooka vizuri sana. Alinitazama, akacheka. Umewahi kusikia fisi akicheka ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi?

Nilirudi nyuma hadi mlangoni. Mguu ukagonga kitu chini ya meza. Vilikuwa vioo viwili vya kinyozi, vimefungwa kwa kamba kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa ili kimoja kitazame kingine. Kati yake palikuwa na sindano ndefu ya kufumia, ile yenye ndoano, ameiunganisha na mpini wa brashi. Kwenye ndoano palikuwa na nywele zake, na damu kidogo iliyokauka.

Nikaelewa. Hapakuwa na msichana. Wiki tatu Wekesa alikuwa amejifungia humu akijifunza kusuka mgongo wake mwenyewe kupitia vioo, ili mimi niende Diani bila kuwa na wasiwasi naye. Mistari ile sita ndiyo aliyotaka nione. Na mimi niliiita aibu, nikaifumua mbele yake.

Hapo simu ikalia mfukoni mwa aproni. Saa moja kamili. Diani.

Sikiliza nilichokuwa nacho. Ningeweza kutoka, nifunge mlango, nisimame kwenye ngazi nijibu simu kwa heshima. Zuhura angeketi nimsuke mbele ya kamera. Lakini mlango ule ni mbao nyembamba, na saa hiyo watu wanarudi kutoka viwandani, ngazi zimejaa. Fisi akitoka kwenye ngazi za Kware, wangempiga mawe kabla sijafungua mdomo. Na njia pekee niliyoweza kuwaza ya kumrudisha ni kumsuka, kazi ya mikono miwili. Ukiachia mstari katikati, nywele zinajifumua zenyewe.

Nilikaa chini sakafuni, nikakunja miguu.

"Wekesa," nikasema. "Kuja nikumalizie."

Sikuwa jasiri, niliogopa hadi nikakaribia kujikojolea. Alikuja polepole, akaninusa shingo pale alipokuwa amenisuka mchana, akakaa muda mrefu hapo akinusa kazi yake. Kisha akalaza kichwa kwenye paja langu. Kizito kama gunia la unga. Nikaanza.

Simu ilitetemeka kati ya tumbo langu na sikio lake. Akainua mdomo upande mmoja, nikaona meno. "Tulia," nikamwambia, "ni kazi tu." Ililia mara ya pili. Ililia mara ya tatu. Kisha ikanyamaza, nami sikuinua mkono. Nilisuka mistari mibovu, minene, iliyopinda, gizani, bila kurudia hata mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu. Na niamini, ilishika.

Akacheka tena. Mlango ukagongwa.

"Hodi! Nyie watoto, kicheko gani hicho?" Ilikuwa sauti ya Mama Zuhura.

"Ni video, Mama Zuhura!"

"Hiyo video ina njaa. Haya, nawaachia mkate wa sinia hapa mlangoni, shukrani ya kichwa cha Zuhura. Muule ungali moto."

Kwenye mstari wa nane, kile kilichokuwa kimekandamiza goti langu kilikuwa mkono wa mtu. Kwenye wa kumi alikuwa Wekesa, amelala kifudifudi, anatetemeka kwa homa. Nilimfunika blanketi.

"Ulifumua zangu," alisema.

"Nilidhani ni za msichana."

"Msichana gani? Wiki tatu nimejidunga na hiyo sindano kama mjinga."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekataa kwenda. Nakujua."

"Na mgongo wangu mimi, ungesukwa na nani huko?"

"Ningekuwa nakuja kila mwezi. Nilishauliza mabasi." Akageuza uso. "Hiyo simu ilikuwa ya Diani?"

"Ndiyo."

"Pole."

"Nakupenda, Wekesa."

"Nimejua leo," alisema. "Hakuna mtu hufumua kwa hasira hivyo kwa sababu ya laini zilizopinda."

Tulikula ule mkate wote.

Nitakuwa mwongo nikisema sikulia kwa ajili ya Diani. Nililia siku mbili. Asubuhi ya kwanza nilipiga simu, na yule msimamizi alinijibu kwa upole kwamba mwingine alishika simu na kazi ni yake. Wekesa alitaka kumpigia amwombe, nikamkataza. Angesema nini? Kwamba nilikuwa na mteja?

Sasa tunaishi Donholm, chumba na sebule. Kibanda tulikiacha. Yeye ana chumba chake cha kunyolea karibu na nyumbani, mimi nasimamia saluni ya mwanamke mmoja, viti sita, wasusi wanne chini yangu, wote wenye vyeti. Nilipotia sahihi niliomba siku moja ya kupumzika kila mwezi, tarehe nitakayochagua mimi. Anadhani ni mambo ya dini. Bado huwaza ile bahari, hasa wateja wakiwa wagumu. Kisha nafika nyumbani, namkuta Wekesa anapika ugali akiwa amevaa aproni yangu, na wazo linapungua. Siku za mwezi mpevu anajisuka mwenyewe ile mistari sita ya kwanza kwa vioo vyake. Mimi namalizia. Yake siigusi.

Jambo moja halikurudi kama lilivyokuwa. Nilimsuka akiwa tayari amegeuka, na jambo hilo nadhani halifai kufanywa, kwa hivyo kitu kilibaki upande huu. Kicheko chake. Zamani alicheka kama mtu anayeomba radhi. Sasa akicheka kwa moyo wote, hata mchana, hata mwezi ukiwa haupo, kinatoka kile cha usiku ule, na mbwa wote wa mtaa wananyamaza kwa wakati mmoja. Hachekei tena kazini, wala kanisani. Huchekea nyumbani, madirisha yamefungwa, na mimi humchekesha kila siku.

Kwa hivyo ukipita Donholm ukisikia hicho kicheko, usije kuchungulia na tochi. Pita zako. Na kama una mtu wako, umkute ameketi na kitu alichokutengenezea, hata kiwe kibovu namna gani, muulize kwanza kabla ya kukishika. Mimi wangu alirudi. Usidhani wako atarudi.